PCOS: Ugali ubaki, uji wa asubuhi ubadilike

REHEMA: Wenye PCOS, tatizo la homoni linalovuruga ovari na hedhi, wengi wanaambiwa "acha wanga". Wiki mbili hawagusi ugali, ya tatu wanarudia chapati na soda. Zuhura, kosa liko wapi?

ZUHURA: Kosa ni kutojua tunapambana na nini, dada. Wengi wao miili haiitikii vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kwa hiyo kongosho huimwaga kwa wingi. Insulini ikizidi huchochea ovari kutengeneza testosteroni, homoni ya kiume, na ini nalo hupunguza protini inayoishikilia testosteroni kwenye damu. Ndipo zinapokuja ndevu na chunusi, na yai halipevuki. Basi tunachozuia ni sukari kupanda ghafla. Ugali unaweza kubaki.

REHEMA: Kiasi gani?

ZUHURA: Robo ya sahani, wa dona, mtama au ulezi. Robo nyingine dagaa, samaki, maharage au kunde. Nusu nzima mboga: mchicha, matembele, bamia. Anza na mboga na kitoweo, ugali uje mwishoni. Sukari hupanda polepole zaidi. Viazi vitamu chemsha, usichome, maana vya kuchoma hupandisha sukari haraka zaidi.

REHEMA: Na uji wa lishe? Watu wanauona dawa.

ZUHURA: Huo unanisikitisha sana, kwa sababu mtu anaunywa akiamini anajitibu. Unga umesagwa laini kabisa, uji mwepesi, sukari vijiko vitatu, tumbo tupu. Sukari inaruka, saa nne njaa imerudi, na hapo andazi halikwepeki. Bora mayai mawili ya kuchemsha na nusu parachichi, kisha uji mzito nusu kikombe, bila sukari. Halafu chai: vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni kama gramu 36 za sukari, karibu soda nzima. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ukikata ghafla utarudia.

REHEMA: Mdalasini, uwatu, mnanaa?

ZUHURA: Mnanaa umepimwa: vikombe viwili kwa siku, siku 30, testosteroni ilishuka kidogo. Ndevu hazikupungua kwa kipimo, na mwezi mmoja ni mfupi kwa nywele. Mdalasini usizidi nusu kijiko cha chai kwa siku. Aina ya kasia ina kumarini, ikizidi huumiza ini. Uwatu hushusha sukari, hivyo anayemeza dawa za kisukari aongee na daktari kwanza, na mjamzito asiutumie kama dawa.

REHEMA: Uzito je?

ZUHURA: Wembamba nao wanapata PCOS, tusiwasahau. Mwenye kilo 80, kupungua kilo 4 hadi 8 mara nyingi kunatosha hedhi ianze kurudi. Atembee haraka dakika 150 kwa wiki, na siku mbili afanye mazoezi ya nguvu, maana msuli ndio unaomeza sukari nyingi.

REHEMA: Wakati gani chakula peke yake hakitoshi?

ZUHURA: Hedhi ikikosekana zaidi ya siku 90, nenda hospitali. Ukuta wa mji wa mimba unazidi kunenepa bila kumwagika, na baadaye huweza kuzaa saratani. Hakuna majani yanayofidia hilo. Na asiyetaka mimba aanze kinga siku ileile anayobadilisha chakula, kwa sababu yai hupevuka kabla hedhi ya kwanza haijaonekana.