Nesi Anayeandika Dawa: Kumpata Muuguzi wa Familia Vijijini Marekani

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, kina baba, vijana, habari za jioni.

Familia zinazohamia vijijini Marekani huniuliza swali moja mara kwa mara: "Tulikwenda kliniki, tukaambiwa daktari hayupo, atatuona nesi. Tumedharauliwa?" Hapana, ndugu zangu. Hilo nataka tulimalize leo, kwa sababu nimewaona watu wakigeuza gari na kurudi nyumbani na presha imepanda, wakimngoja daktari ambaye pengine kaunti nzima haina.

Tazameni beji yake. Mkiona herufi FNP, huyo ni muuguzi wa familia mwenye mamlaka ya kutibu. Alisajiliwa kwanza kama muuguzi, akarudi chuoni kuchukua shahada ya uzamili au ya uzamivu, kisha akafaulu mtihani wa kitaifa. Anakupima, anaagiza vipimo vya maabara, anakwambia unaumwa nini, anaandika dawa. Kichanga anamwona yeye, na bibi mwenye kisukari anamwona yeye. Mimi humwita muuguzi tabibu, na naomba mniwie radhi kama mna jina zuri zaidi.

Kazi hii ina historia ndefu mashambani. Mwaka 1925 Mary Breckinridge alianzisha huduma ya wauguzi katika milima ya Kentucky, kwenye kaunti isiyo na barabara za maana, na wauguzi wake walipanda farasi kuwafuata wajawazito majumbani. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver wakaanzisha mafunzo ya kwanza rasmi ya wauguzi wa aina hii. Ford alikuwa ametembea vijijini, akaona watoto wasiofikiwa na daktari. Halafu ikaja sheria ya mwaka 1977 ya kliniki za afya vijijini. Kliniki yenye hadhi hiyo lazima iwe na muuguzi wa namna hii, au msaidizi wa daktari, au mkunga mwenye cheti, kwa angalau nusu ya muda inaofanya kazi. Kwa hiyo mkimkuta pale, ni sheria iliyomweka.

Sasa, mnampataje? Anzeni na vituo vya afya vya jamii vinavyopata fedha za serikali kuu. Tovuti ya HRSA, shirika la serikali kuu linalofadhili vituo hivyo, ina sehemu ya kutafuta kituo kilicho karibu na anwani yako. Vituo hivyo haviruhusiwi kukufukuza kwa kukosa pesa, na malipo hupunguzwa kulingana na kipato na ukubwa wa familia. Msichanganye na zile kliniki za sheria ya 1977: si zote zenye punguzo hilo, kwa hiyo ulizeni kabla.

Mkipiga simu, msiishie kuuliza "mko wazi?" Ulizeni kama muuguzi huyo anapokea wagonjwa wapya na kama anakubali bima yenu, hasa Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Ulizeni yuko hapo siku zipi, kwani muuguzi mmoja huweza kugawanya wiki yake kati ya kliniki mbili au tatu, na mnaweza kuendesha saa nzima mkakuta mlango tu. Halafu ulizeni bila aibu: anatarajia kukaa? Wapo wanaoletwa na mpango wa serikali unaowalipia mkopo wa masomo, na mkataba wa kuanzia huwa wa miaka miwili. Wengine hupapenda wakabaki miaka mingi, wengine huondoka muda ukiisha. Mimi ningemchagua anayekaa, hata kama kliniki yake ni ndogo na rangi imebabuka, kwa sababu anayekujua tangu mwaka juzi ataona umekonda kabla hujasema.

Leseni yake inaweza kuhakikiwa bure kwa bodi ya wauguzi ya jimbo. Mamlaka yake pia hutofautiana. Katika majimbo mengi anafanya kazi kwa uhuru kamili, lakini mengine yanamtaka awe na mkataba wa maandishi na daktari. Daktari huyo akistaafu, muuguzi wenu anaweza kukwama hadi apate mwingine. Ni vizuri mlijue hilo mapema.

Na lugha. Hapa naomba mnisikilize sana. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupa mkalimani bure. Msingi wake ni sheria ya haki za kiraia ya 1964, na sheria ya bima ya afya ya 2010 ikaongeza nguvu. Semeni mapema, mnapopanga miadi: "Nahitaji mkalimani wa Kiswahili." Mara nyingi atakuwa kwenye simu au video. Msimpe kazi hiyo mtoto wenu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hapaswi kumweleza mama yake kwamba mimba imeharibika.

Kifua kikikubana ghafla au mdomo ukienda upande, usingoje miadi, piga 911, namba ya dharura. Kwa mengine yote, siku ya kwanza beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, hata za mitishamba, na kadi za chanjo za watoto. Atataka kuziona zote.