Mpelelezi Kwenye Vita vya Bunduki za Maji: Kwanza Tafuta Wanapojazia

DADA: Karibuni tena kipindini, leo tuko na vita vya bunduki za maji, vile vya timu kwa timu, na tunakomaa na mtu mmoja tu, mpelelezi, maana timu nyingi hata hazina, watu wanakimbilia kulowanishana tu.

KAKA: Dada hilo linaniuma kweli. Unakuta timu ina watu wenye shabaha, ila hawajui wapinzani wako wapi, wanamwaga maji hovyo, kuja kushtuka tanki tupu na wameshazungukwa.

DADA: Sasa mpelelezi akishatoka anatafuta nini? Wengi watasema ahesabu watu.

KAKA: Ahesabu sawa, lakini mimi kitu cha kwanza nataka anitafutie wanapojazia maji. Bomba, ndoo, beseni, chochote kile. Mtu anaweza kujificha popote ila kwenye maji lazima atarudi, na akiwa anajaza kafungua kifuniko, mikono yote iko bize, hapo hana la kukufanya.

DADA: Na ardhi nayo inasema bana. Kama ni sakafu ya saruji, mtu aliyetoka kujaza anadondosha matone njia nzima, na jua likiwa kali yanakauka chapchap, kwa hiyo ukiyakuta bado mabichi ujue mwenyewe yuko karibu, we fuata tu yanakoelekea, taratibu.

KAKA: Kabisa. Halafu kelele aisee. Tanki likiwa nusu maji yanacheza humo ndani, kila hatua unasikika, ndo maana mpelelezi ajaze mpaka juu au abebe bastola ndogo tu. Na kama ni ya presha, zile za aina ya Super Soaker aliyobuni injinia wa Marekani Lonnie Johnson, iliingia sokoni 1990, zile unapampu hewa inabanwa ndani ndo inasukuma maji, basi apampu kabla ya kutoka. Ukianza kupampu kichakani umejichoma mwenyewe. Ila ukisikia wao wanapampu, sogea, presha imewaishia.

DADA: Kuchungulia je? Naona watu wanatoa kichwa juu ya ukuta.

KAKA: Hapana, hapana. Chuchumaa, chungulia pembeni, chini kabisa, maana watu wanategemea kuona uso kwenye usawa wa uso. Na bunduki zenyewe njano, machungwa, ifiche mgongoni.

DADA: Na akimkuta mtu peke yake anajaza, asipige kweli? Mimi ningepiga.

KAKA: Mpelelezi akiwa peke yake asipige, arudi. Akipiga wameshajua bomba lao limeonekana, wanaweka mlinzi, kazi yote imepotea. Maji yake ni ya kujiokoa akibanwa.

DADA: Ila wakienda wawili?

KAKA: Wawili sawa, tena mmoja akashambulie upande mwingine kabisa wahangaike naye, mwenzake ndo alete taarifa: wangapi, wako wapi, wanaelekea wapi, wamebeba nini, na aliwaona muda gani, maana dakika chache tu zikipita watu wameshahama.

DADA: Na arudi kwa njia nyingine, asije akawaleta nyuma yake mpaka kwenu. Ishara za mikono nazo mkubaliane kabla mchezo haujaanza, sio mnaanza kuitana majina huko.