Hemingway, Butiaba na kifo tunachokipamba

Walimu wangu, wanafunzi, nanyi mliokuja Kampala kutoka mbali, shikamooni.

Kila nikifundisha Ernest Hemingway, mwandishi wa hadithi wa Marekani, swali la kwanza huwa si la vitabu vyake. Huwa ni la tarehe 2 Julai 1961, siku aliyojiua nyumbani kwake Ketchum, Marekani. Na muulizaji huuliza kama anayesifu: "Aliishi kiume, akafa kiume." Maneno hayo yananiuma, na leo nimekuja kuyapinga.

Tuanzie kwetu. Januari 1954 ndege ndogo aliyopanda ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, hapa Uganda. Kesho yake, pale Butiaba kando ya Ziwa Albert, ndege ya pili ikashika moto ikijaribu kuruka. Magazeti ya dunia yakatangaza amekufa, naye akazisoma tanzia zake mwenyewe. Hapo wasomaji hufurahi. Lakini Butiaba aliumia kichwa vibaya, na ini na figo pia, hata alipopata tuzo ya Nobel mwaka huohuo hakuweza kwenda Stockholm kuipokea.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa. Huzuni ilimzamisha, akawa na hofu ya kufuatwa na wapelelezi. Alilazwa, akatibiwa kwa mishtuko ya umeme, akalalamika kwamba kumbukumbu zimemtoka. Alipoombwa sentensi chache tu za kumwandikia Rais Kennedy, alihangaika nazo hadi akalia. Babake naye alikuwa amejiua, mwaka 1928. Shujaa aliyejichagulia mwisho yuko wapi hapo? Mimi namwona mgonjwa aliyenyang'anywa kalamu kabla ya kunyang'anywa uhai.

Mshairi Sylvia Plath naye alijiua London mwaka 1963, akiwa na miaka 30 na watoto wawili wadogo. Tunapekua mashairi yake kutafuta dalili za kifo, tukisahau kwamba mengi aliyaandika alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala. Ile ilikuwa kazi, tena ya mtu aliyeng'ang'ania kuishi.

Linalonisikitisha zaidi ni nyuso zetu mbili. Jirani akijiua kijijini, tunanong'ona, mazishi yanaharakishwa, familia inaona haya. Na sheria yetu tuliyorithi kwa Waingereza imemhesabu aliyejaribu akanusurika kuwa mkosaji. Mwandishi wa ng'ambo tunamwashia mishumaa. Jirani tunamnyima huruma, mwandishi tunamnyima ugonjwa wake. Na humu ukumbini huenda yupo kijana anayeandika usiku, anayejifunza kwetu kwamba maumivu ndiyo kipaji.

Mwanangu, ukilemewa, mwambie mtu unayemwamini, nenda hospitali. Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapahapa Kampala, na anayetibiwa huko hana la kuonea aibu. Mashairi utayaendeleza ukipata nafuu.

Nanyi walimu, nawasihi: somo la Hemingway lianzieni kwenye hadithi zake fupi. Siku ya kifo chake itajeni kama mnavyoitaja siku ya kuzaliwa kwake, kisha mrudi kitabuni.