Wanaofyeka Mlimani

NEEMA: Karibuni tena jamani. Leo tunapanda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ila darasani hatuingii. Tunabaki nje, kwenye nyasi na mitaro. Kaka Rashidi, wewe uliwahi kusimamia vibarua wa usafi wa mazingira.

RASHIDI: Chuo kingine lakini, si Mlimani! Nisije nikaitwa ofisini bure. (Kicheko)

NEEMA: Sawa, tumekuelewa.

RASHIDI: Chuo kilianza 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Pale mjini ungefyeka nini? Kilipohamia kilimani 1964 ndipo kazi ikaja: miteremko, miti, tumbili, na mvua ya masika ambayo ikishuka haina simile.

NEEMA: Mimi nikipita pale na nikakuta pamefyekwa mpaka udongo unaonekana, moyoni nasema hapa pana watu wanafanya kazi.

RASHIDI: Basi hapo ndipo tunapokosana, dada. Sisi tumelelewa kwamba uwanja safi ni ule uliofagiliwa mpaka alama za ufagio zinaonekana. Nyumbani tambarare, sawa. Mteremkoni ukikwangua mpaka chini, Machi mvua ya kwanza inaondoka na udongo. Kwanza kimfereji chembamba, Mei ni korongo. Na ule udongo unaishia kwenye mtaro, mtaro unaziba, maji yanapanda barabarani.

NEEMA: Halafu kibarua yuleyule anaitwa kuzibua.

RASHIDI: Kwa ujira uleule! Mkataba unasema "eneo liwe safi". Msimamizi anapita, akiona nyasi zimebaki kama kidole anamwambia hujamaliza. Kijana afanyeje? Anakwangua.

NEEMA: Na vifaa? Naona siku hizi mashine za begani zinanguruma kila kona.

RASHIDI: Mashine kwenye tambarare ni raha. Ila inataka adabu. Nyingi zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili yake maalumu, hamsini kwa moja: lita 5 za petroli, mililita 100 za oili. Mtu akikadiria kwa jicho, oili ikizidi ni moshi na plagi chafu. Akisahau kabisa, pistoni inakwama na mashine imekufa. Kuna siku nimeletewa mashine mpya, asubuhi inawaka, mchana iko kwenye toroli.

NEEMA: Maskini. Na mawe je?

RASHIDI: Yanaruka kama risasi. Miwani, gambuti, na watu wakae mbali, mita 15. Sasa kwenye njia ya wanafunzi wanaokimbilia mtihani, nani atasubiri? Pale mimi nilikuwa natoa fyekeo. Tupa moja mfukoni, unanoa, unaendelea. Wazee wa fyekeo wanajua hata kuacha urefu, mkono wao umezoea.

NEEMA: Tugusie zabuni. Sasa zinapita kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na sheria imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee, wenye ulemavu. Mimi naona ni jambo jema.

RASHIDI: Jema, sibishi. Ila kikundi kinashinda zabuni leo, mashine kinanunua kwa fedha ipi? Petroli ya mwezi wa kwanza je? Malipo yakichelewa, kinachokatwa kwanza ni miwani na gambuti.

NEEMA: Mm. Na mwaka wa fedha unaanza Julai, nyasi zinakauka.

RASHIDI: Hasa! Mkataba unaanza kwa kishindo wakati wa kiangazi. Masika fungu limekonda, nyasi ziko kiunoni.

NEEMA: Ungepewa kalamu, ungebadili nini?

RASHIDI: Mteremkoni nyasi zisishuke chini ya sentimita saba, nane hivi, na iandikwe kwenye mkataba. Mitaro izibuliwe Februari, ilipwe peke yake. Na msimamizi aje na rula, asije na macho ya mama mkwe.

NEEMA: (Kicheko) Mama mkwe wangu anatusikiliza, Rashidi. Twende kwenye maswali yenu.