Shanga, uzi na dadu: tuone askari wa seli wanavyopanga urefu wa telomia ya hamira

Karibuni tena mezani kwangu hapa Majengo, Moshi. Leo hatukandi maandazi, ingawa pakiti ya hamira mnaiona hii hapa. Ni hamira hii hii ya dukani iliyowafundisha wanasayansi jinsi seli inavyolinda ncha za kromosomu zake. Maabara hatuna, basi tutatumia shanga.

Tafuta shanga 40, uzi mgumu, dadu ya ludo na vipande viwili vya karatasi. Shanga zangu nimezitoa Mbuyuni. Chagua zenye tundu kubwa. Juzi nilirekodi kwa zile ndogo ndogo, tena nikasahau fundo, zikamwagika zote chini ya kabati. Mpaka leo nikifagia naziokota.

Haya, piga fundo, halafu piga lingine juu yake. Tunga shanga 30, kumi ubaki nazo pembeni. Penye fundo ndiko iliko kromosomu, na shanga ndizo telomia, kile kipande cha DNA kinachofunika ncha. Kila shanga ni jozi 10 za herufi za DNA, maana telomia ya hamira ina jozi kama 300. Hamira yenye seti moja ya kromosomu inazo 16, hivyo ncha ni 32. Sisi tunacheza na moja tu.

Kila raundi chomoa shanga moja. Raundi moja ihesabu kuwa seli imegawanyika mara tatu, kwa sababu kila mgawanyiko huila ncha jozi 3 hadi 5 hivi. Mitambo inayonakili DNA haifiki mwisho kabisa. Fundi wa kurudishia yupo, ni enzaimu iitwayo telomerasi, ila haendi kila ncha kila siku. Anasubiri kuitwa.

Sasa chukua zile karatasi. Moja andika TEL1, nyingine MEC1, uziweke mbele yako. Hizi ni jeni za ukaguzi. Mnaopita Njia Panda ya Himo mnaijua mizani: lori likizidisha uzito haliondoki mpaka mambo yarekebishwe. Seli nayo ina mizani yake. DNA ikikatika, protini za jeni hizi huamsha nyingine, Rad53 ikiwemo, na seli inasimama itengenezwe kwanza. Hata wazo lenyewe la ukaguzi lilishika kasi kwa hamira: mwaka 1988 Ted Weinert na Leland Hartwell walionyesha kuwa hamira isiyo na jeni RAD9 haisimami hata DNA yake ikiumia, inaendelea kugawanyika hivyo hivyo mpaka inakufa.

Hapo mimi ndipo nilipochanganyikiwa nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza. Ncha ya kromosomu, ukiitazama, inafanana kabisa na DNA iliyokatika. Mbona askari, yaani hizi protini za ukaguzi, hawaikamati? Kumbe wanafika, ila kwenye ncha fupi kazi yao kubwa inakuwa kumwita fundi.

Tucheze. Karatasi zote mbili zikiwa mezani, chomoa shanga kisha rusha dadu. Ukiwa na shanga zaidi ya 30, unaongezewa ukipata 6 tu. Zikiwa 30 au pungufu, unaongezewa ukipata 4, 5 au 6. Nyongeza ni shanga tatu. Namba za dadu nimezitunga mimi, lakini tabia ni ya kweli: ncha fupi huhudumiwa mara nyingi kuliko ndefu, na Tel1, protini ya jeni TEL1, hupenda kushika zile fupi. Nimecheza raundi 40, uzi ukapanda ukashuka lakini haukuondoka jirani na 30.

Geuza karatasi ya TEL1, yaani jeni hiyo tumeiondoa. Dadu hairushwi tena mpaka zibaki shanga 10. Utaona uzi unashuka, unashuka, halafu unang'ang'ania hapo. Ndivyo ilivyo: hamira isiyo na TEL1 inaishi vizuri tu, ila telomia zake ni fupi sana, jozi 100 hivi au chini yake. Arthur Lustig na Thomas Petes waliripoti hamira ya namna hii mwaka 1986.

Rudisha TEL1, geuza MEC1. Hapa sichezi sana, tofauti ni ndogo. Ila ujue MEC1 ukiiondoa peke yake hamira inakufa. Watafiti huondoa na jeni SML1 ndipo inapona.

Geuza zote mbili. Usiguse dadu, hakuna wa kumwita fundi. Chomoa tu. Raundi 30 uzi umebaki mtupu, ambayo ni migawanyiko kama 90. Mwaka 1999 kikundi cha Petes kilionyesha kuwa hamira iliyokosa zote mbili hudhoofika kama ile iliyokosa telomerasi yenyewe, ambayo huchoka baada ya vizazi 50 hadi 100. Kwa shanga za sokoni, si haba.

Seli chache hupona hata hapo, kwa kunakili DNA kutoka ncha nyingine zikisaidiwa na jeni RAD52. Ukitaka kuziigiza, ulaze uzi wa pili kando ya huu mtupu, utunge kwa kuufuatisha. Shanga 30 nyingine zitahitajika. Na fundo, tafadhali.