Mkokoteni Ukishajaa, Uende Wapi?

Bwana mwenyekiti, wazee wangu, mama zetu, na vijana mliojazana huko nyuma, nashukuru kwa mwaliko. Mada niliyopewa ni usafi wa mji na wajibu wa raia, na naomba ruhusa ya kutoitii. Wajibu wa raia umehubiriwa katika mji huu tangu enzi za baraza la manispaa. Wengi wetu tulifunzwa madrasani, kabla hatujajua kuandika majina yetu, kwamba hata kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na waliolelewa kanisani wana mafunzo yao yasiyopungua hayo. Lau mahubiri yangetosha, Mombasa ingekuwa inang'aa kutoka Mtongwe hadi Mtopanga. Mimi nina swali moja tu. Baadhi yenu mmelisikia kwangu mpaka mkachoka, nami nitaliuliza mpaka lijibiwe: mkokoteni ukishajaa, uende wapi?

Tufuate taka zenyewe, maana mjadala huu huharibika kila tunapozungumzia tabia za watu badala ya safari ya taka. Chukueni jengo lolote la ghorofa nne pale Tudor. Mama wa nyumba amemaliza kupika. Kwenye ndoo yake mna maganda ya viazi na ndizi, chicha ya nazi, matumbo ya samaki, chupa ya plastiki ya mafuta, na nepi ya mtoto. Asubuhi anapita kijana mwenye gunia, anapanda ngazi zote, mlango kwa mlango, anashuka na mzigo unaomvujia mgongoni, anaumwaga kwenye mkokoteni ulioko chini, kisha anapanda tena. Mpangaji amelipa ada yake ya mwezi, ama ndani ya kodi ama mkononi mwa kikundi cha vijana. Hakuna aliyekiuka wajibu wake. Mama hakutupa dirishani, mwenye nyumba hakukwepa gharama, na kijana hakulala. Wale wanaosema kwamba watu wa Mombasa ni wachafu kwa asili waje wasimame kwenye ngazi hizo saa moja asubuhi, kisha waniambie ni nani mchafu kati ya hao watatu.

Basi mkokoteni umejaa. Jaa linalotegemewa na kisiwa liko Mwakirunge, bara ya kaskazini, huko Kisauni ya mbali. Kijana wetu, ili afike huko kihalali, itambidi ausukume mkokoteni hadi Daraja la Nyali, avuke katikati ya matatu na malori, apite Kongowea, aendelee kuelekea Bamburi, kisha akate kuingia ndani, akiwa na mzigo ambao watu wawili hawaubebi. Halafu arudi, kwa sababu kesho kuna ngazi nyingine. Mimi sijamwona mtu anayefanya hivyo, wala ninyi hamjamwona. Anachofanya ni kutafuta pipa kubwa la kaunti lililo karibu, na likiwa limefurika, kama lilivyo mara nyingi, anamwaga kando yake. Asipolipata, anangoja giza liingie, anateremka ukingoni mwa hori, yaani mkono wa bahari, na mikoko inapokea.

Niliwahi kukaa katika kikao cha wakazi ambapo afisa mmoja alitueleza kwa kirefu adhabu za kutupa taka ovyo: faini, kifungo, na mikokoteni itakayokamatwa. Alipomaliza, akasimama kijana mmoja wa mkokoteni, mwenye adabu zake, akasema kwamba yeye hana ugomvi na sheria na yuko tayari kukamatwa hata siku hiyo hiyo, ila angeomba kwanza aonyeshwe mahali ambapo, akimwaga, hatakamatwa. Ukumbi ukacheka, na afisa naye akacheka. Kisha akatafutwa msemaji wa ajenda iliyofuata, na kijana akaketi bila jibu. Mabwana, swali lile halikuwa la kuchekwa. Lilikuwa ndilo swali la pekee la maana lililoulizwa siku hiyo, na aliyeliuliza alikuwa ndiye mtu wa pekee pale ukumbini aliyekuwa ameshika taka kwa mikono yake asubuhi hiyo.

Huduma yetu ina mdomo, ambao ni nyumba zetu, na ina tumbo, ambalo ni Mwakirunge. Ilichokosa ni koo. Baina ya mlango wa nyumba na jaa kuu panahitajika vituo vya kupokelea taka, vidogo, vilivyo karibu, vyenye sakafu ya saruji na paa, ambapo mkokoteni hupokewa mchana kweupe, ukapimwa, ukamwagwa, na mwenyewe akapewa risiti. Kutoka hapo ndipo lori la kaunti lina kazi: kubeba mzigo uliokusanywa badala ya kuzunguka kutafuta vichuguu vya uchafu vilivyoota usiku.

Kibarani inapaswa kuwa imetufunza jambo hili. Lile jaa lililokuwa likimkaribisha kila mgeni aingiaye kisiwani kwa njia ya Makupa, likimwagikia baharini, lilifungwa mwaka 2018, pakapandwa miti, na nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Lakini kulifunga jaa hakuzifungi taka. Siku moja kabla ya kufungwa, kisiwa kilikuwa na mahali pabaya pa kumwaga taka. Siku iliyofuata kilikuwa kimepata bustani, na mlima ule wa taka ukaanza kugawanyika kuwa vilima vidogo katika viwanja vitupu na kandokando ya maji. Tulihesabu ushindi kwa macho ya msafiri aliye garini.

Najua yupo hapa anayejiandaa kuniuliza kwa nini tung'ang'anie mikokoteni katika karne hii, badala ya kununua malori yapite nyumba kwa nyumba. Ndugu yangu, lipitishe hilo lori Kibokoni. Lipitishe vichochoro vya Mji wa Kale, ambavyo watu wawili wenye vikapu wakikutana mmoja husimama. Lipitishe Mishomoroni siku ya mvua. Lori linafaa barabara za Nyali, na huko kuna kampuni zinazolipwa vizuri kwa kazi hiyo. Kwingineko, gari la kwanza la taka ni miguu ya mtu, na hata tukinunua malori mia, bado pale lori linapoishia patahitajika mtu wa kuleta mzigo kutoka vichochoroni.

Pingamizi la pili ni kubwa zaidi, na husemwa kwa sauti ya chini: kituo kijengwe, naam, lakini si karibu na kwangu, kwani mtatuletea jaa mlangoni. Hofu hii siidharau. Wananchi wa mji huu wameahidiwa mengi, na kontena lililowekwa pembeni mwa barabara kwa muda limekaa miaka hadi likala kutu. Lakini tofauti kati ya kituo na jaa ni saa. Taka za jikoni katika joto letu huanza kuvunda siku hiyo hiyo. Zikiondolewa kabla ya jioni, jirani hasikii harufu kali kuliko ya soko la samaki. Zikilala siku tatu, nzi, panya na kunguru wameshahamia. Kwa hiyo msikubali kituo kwa ahadi ya usafi. Kikubalini kwa ratiba iliyoandikwa ubaoni, yenye saa ya lori kuingia na saa ya kutoka, na haki ya mtaa kukifunga ratiba ikivunjwa. Isitoshe, anayekataa kituo karibu naye hajabaki bila jaa. Analo tayari, nyuma ya ukuta, ila halina ratiba wala mwenyewe.

Sasa nije kwenye urejelezaji, yaani kuzifanya taka zitumike upya, ambao ndio uliowavutia vijana wa nyuma, na ambao kwa bahati mbaya nitaupitia haraka kwa sababu mwenyekiti ameanza kutazama saa. Katika miji ya Kenya, zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni za kuoza. Chicha na maganda ya viazi hayana dhara yakiwa peke yake. Hutengenezwa mboji, na wafugaji wa funza kwa ajili ya chakula cha kuku huyapenda. Yakichanganywa na makaratasi na plastiki, huharibu vyote viwili. Boksi kavu lina bei kwa mwenye mizani. Boksi lililolowa mchuzi halina. Chupa ya plastiki iliyo safi huuzwa kwa kilo. Iliyokaa siku mbili ndani ya matumbo ya samaki humgharimu muokotaji maji ya kuiosha, na maji katika mji huu mnajua yanavyopatikana. Vyuma hujiondoa vyenyewe: havifiki jaani. Kwa hiyo ndoo mbili jikoni, moja ya kuoza na moja ya vikavu, zina maana.

Lakini angalieni nilivyosema: zina maana iwapo zitabaki mbili hadi mwisho. Ukimwomba mama atenganishe, naye akaona kijana anamwaga ndoo zote mbili katika gunia moja, utakuwa umemfunza jambo moja tu, kwamba anachezewa. Na kijana hatatenganisha mpaka awe na mahali panapopokea vikavu peke yake na kumlipa. Mnaona tumerudi kwenye kituo. Kile kituo cha mtaani, kikiwa na mzani na mnunuzi, ndicho kinachoifanya ndoo ya pili iwe na faida. Kisipokuwepo, kampeni ya ndoo mbili ni biashara ya wauza ndoo.

Wala siombi kitu kigeni kwa sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaikabidhi kaunti kazi ya kuondoa taka, na Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinapozalishwa, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kurejesha na kurejeleza taka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na wote mlishuhudia kwamba nchi hii ikiamua, jambo hutendeka. Asiyeamini akumbuke ulivyoadimika ule mfuko mwembamba wa dukani. Upungufu wetu hauko kwenye maandishi.

Nilikuwa nimekusudia kuzungumzia madafu, kwa sababu vifuu na makumbi yake hujaa maji ya mvua, na mji uliopatwa na dengi mwaka 2017 na chikungunya mwaka 2018 hauna ruhusa ya kuwafugia mbu nyumba, lakini nitaliacha. Nilitaka pia kuwasema wenye hoteli. Naliacha hilo nalo, kwa masikitiko zaidi.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupaswa kuwa yamefika katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla hayajapitishwa. Kila mwaka watu wa mji huu huenda kwenye vikao hivyo wakaomba "usafi", na kila mwaka huandikiwa usafi: fulana za kampeni, siku ya kufagia, na picha ya pamoja. Safari hii ombeni kituo, kwa wadi yenu, kwa jina la kiwanja ambacho wenyewe mmekubaliana, pamoja na mshahara wa mtu wa mzani na mafuta ya lori la kila siku. Aliye na kiwanja cha umma mtaani kwake akitafutie hati mapema, kabla hakijapata mwenyewe.

Na yule mama aliyeniletea kikaratasi akiuliza nepi iingie ndoo gani: haiingii yoyote kati ya hizo mbili. Ifungwe peke yake, ikabidhiwe mkononi, na kituo kiwe na pipa lake. Asante, mwenyekiti, sasa unaweza kuniketisha.