Kuhama seva ya Mastodon bila kuwaacha wafuasi wako

Karibuni tena. Video nyingi zinazosifia mitandao ya kijamii isiyo na bosi mmoja zinakufundisha kujiunga. Kujiunga hakumshindi mtu. Leo tunajifunza kuondoka, maana utamu wa mitandao hii uko hapo: ukichoshwa na mwenye nyumba, unafunga virago na watu wako wanakufuata. Tuone kama ni kweli.

Kwa wageni, haraka haraka. Mastodon ni mtandao wa kijamii ulioanzishwa na Eugen Rochko, Ujerumani, mwaka 2016. Ni maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu, kila moja na msimamizi wake na kanuni zake, zinazowasiliana kwa itifaki, yaani lugha ya pamoja ya kompyuta, iitwayo ActivityPub. Ndiyo maana anwani yako ina jina lako na jina la seva, kama barua pepe. Hapa kwenye skrini nina akaunti mbili za mfano: mfano@kale.example, ninakohama, na mfano@mpya.example, ninakohamia.

Fungua kivinjari, achana na programu ya simu kwa leo. Ingia akaunti ya zamani, nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kuingiza na kutoa data. Pakua faili la watu unaowafuata, la uliowazuia, la uliowanyamazisha, na la machapisho uliyoyawekea alama. Ni mafaili madogo ya CSV, yaani orodha za maandishi matupu, yanashuka mara moja. Hapo hapo omba nakala ya machapisho na picha zako. Hiyo huandaliwa taratibu, na ukishaiomba huwezi kuomba nyingine mpaka zipite siku 7, kwa hiyo usiiache hadi dakika ya mwisho.

Sasa makao mapya. Seva zilizoorodheshwa kwenye joinmastodon.org zimeahidi kuwapa watumiaji taarifa angalau miezi 3 kabla ya kufunga. Mimi naanzia hapo, kisha nasoma kanuni za seva yenyewe. Zisome kweli, msimamizi ana mamlaka ya kukufungia. Tena ujumbe wako wa faragha haujafungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, hivyo mwenye seva anaweza kuufungua akitaka. Usiandike humo siri ya ndoa.

Tukifika hapa wengi hujikwaa, nami nilijikwaa. Mara ya kwanza nilianzia akaunti ya zamani, nikaandika anwani mpya, ikanikatalia. Nikarudia, ikakataa tena. Kumbe mlango unafunguliwa kutoka upande wa pili. Ingia akaunti MPYA kwanza, kwenye mipangilio ya akaunti tafuta palipoandikwa kuhusu kuhama kutoka akaunti nyingine. Andika anwani ya zamani nzima, jina na seva: mfano@kale.example. Hifadhi. Umetamka kwamba akaunti ile ni yako. Bila hivyo mtu yeyote angeweza kumrushia mtu asiyehusika wafuasi wake.

Haya, rudi akaunti ya ZAMANI. Mipangilio ile ile, ila sasa chagua kuhamia akaunti nyingine. Andika anwani mpya, weka nenosiri la akaunti hii ya zamani. Kabla hujabonyeza, hakiki herufi moja moja, kwa sababu ukishahama utasubiri siku 30 kabla ya kuruhusiwa kuhama tena. Bonyeza.

Seva ya zamani sasa inazitumia taarifa seva za wafuasi wako, nazo zinawahamisha zenyewe. Wao hawabonyezi kitu. Wanaotumia programu zisizoelewa taarifa hiyo watabaki nyuma, wachache.

Watu unaowafuata wewe hawaji wenyewe. Ingia akaunti mpya, pakia yale mafaili ya CSV moja moja, na uchague kuunganisha, siyo kufuta yaliyopo. Wale wanaoidhinisha wafuasi mmoja mmoja itabidi wakukubali upya.

Na machapisho yako? Yanabaki kule kule. Hapa Mastodon inachechemea, na sipendi wanaolificha hili. Ile nakala uliyoomba ni ya kabatini tu, huwezi kuipakia seva mpya yakatokea kwenye ukurasa wako. Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, uliofunguliwa kwa wote Februari 2024, unatumia itifaki nyingine, AT, iliyobuniwa ili akaunti ihame na machapisho yake. Lakini hiyo ni video nyingine.

Jambo moja zaidi: haya yote yanahitaji seva ya zamani iwe hai. Ikishazimwa, hakuna wa kutuma taarifa. Ukisikia msimamizi anaanza kulalamika gharama, hama.

Sasa fungua kurasa zote mbili sambamba. Kale: wafuasi 212. Mpya: 0. Subiri kidogo, pakia upya. Kale 190, mpya 21. Huyo mmoja yuko njiani.